Akiki yangu imelala kwenye majivu tangu jana

Saa hii ni saa tatu usiku, nimekaa kwa kistuli nje ya mlango wetu wa nyuma hapa Pangani, Nairobi, na mbele yangu kuna shimo nimelifunika na bati, juu ya bati nimeweka matofali mawili ndio paka wa jirani wasilisukume. Ndani kuna vipande 11 vya akiki, lile jiwe la pete. Viliingia jana asubuhi, makaa yakaisha yenyewe usiku, na mpaka saa hii sijafungua. Nimeona heri niandike nikingoja, juu nikikaa bure mkono utaanza kuniwasha nifungue, na nikifungua mapema nitapoteza mawe yote, hiyo nimeshaifanya na bado inaniuma.

Kwa wale wageni hapa, mimi huchonga mawe. Si sanamu, si mawe ya kujengea. Ni vyembe vya mishale, ncha za mikuki, visu vidogo, vile watu walivyokuwa wakitengeneza kabla chuma hakijajulikana. Nilianza miaka sita iliyopita baada ya kwenda Olorgesailie, kule barabara ya Magadi. Ukifika pale kuna njia ya mbao imeinuliwa, unatembea juu yake na chini yako yamejaa mashoka ya mawe, mengi mengi, mengine yana umri wa zaidi ya miaka laki tano, yamelala tu kama viazi vilivyomwagika sokoni. Nikasimama pale mpaka guide akaniita mara mbili. Kitu kilichonishika si umri, ni vile ukiangalia shoka moja unaona kabisa mtu aligonga hapa, akageuza, akagonga tena hapa. Mkono wake bado unaonekana.

Nikaanza na obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano kinachopatikana pande za Naivasha na Eburru. (Usiokote ndani ya Hell's Gate, ile ni hifadhi ya taifa, hata jiwe dogo haliruhusiwi kutoka.) Obsidiani ni jiwe zuri la kujifunzia, ukiligonga vizuri linakusikia, ukiligonga vibaya linakwambia hapo hapo. Watu wa zamani walilipenda hivyo hivyo. Pale pale Olorgesailie kuna vifaa vya kama miaka 300,000 iliyopita vilivyotengenezwa kwa obsidiani, na pale hakuna obsidiani, ililetwa kutoka mbali, nyingine karibu kilomita 90. Hebu fikiria hiyo. Mtu anabeba jiwe ama anabadilishana na mtu wa mbali, kwa sababu ya vile jiwe linavyokatika tu.

Sasa akiki ni mambo mengine kabisa.

Akiki sisi watu wa pwani tunaijua kwa pete. Babu yangu alitoka Lamu na pete ya fedha yenye akiki nyekundu, hakuwahi kuivua hata akienda kuoga, na alipofariki nyanya akaiweka kwa kile kibweta chake cha hati. Shanga za akiki nazo zimekuja huku tangu zamani sana kutoka Khambhat, kule Gujarat, India, na wachimbuaji wamezipata kwenye miji ya kale ya pwani yetu kama Shanga, kule kisiwa cha Pate. Kwa hivyo hili jiwe jina tunalo, na shanga tulizivaa. Lakini kulichonga kwa kugonga sikuwa nimewahi kuona mtu akifanya.

Mawe yangu ya kwanza nililetewa na rafiki anayeendesha lori la Lodwar. Alikuja na kijifuko cha unga kimejaa, akanitupia mlangoni akasema, ndugu yangu, gari langu limebeba mawe yako siku tatu, hayo yasipokuwa dhahabu tutaongea. Nje yalikuwa yamekaa kama viazi vichafu. Nikapasua moja na ndani kukawa na mistari, nyeupe, kijivu, rangi ya asali, mstari ndani ya mstari kama kitunguu kilichokatwa, na katikati kabisa tundu dogo lenye vijiwe vya kung'aa kama chumvi ya mawe.

Nikajaribu kulichonga vile lilivyo. Wiki mbili. Aisee, hilo jiwe ni gumu. Akiki ni silika, madini yale yale yanayounda jiwe la kwatsi, lakini imejipanga kwa nyuzi ndogo sana zimesukana, macho hayazioni, na ufa ukiingia ndani unakutana na nyuzi, unapoteza nguvu, unasimama katikati. Kwa hivyo badala ya kibanzi kirefu chembamba unapata kifupi kinachokatika kama ngazi, na ile ngazi inabaki kwa jiwe, kila kibanzi kinachofuata kinakwama hapo hapo. Kiganja changu kilivimba. Nilitoa kitu kimoja kinene kama sabuni iliyotumika nusu.

Ndio nikasoma kuhusu moto, na kusema kweli tangu siku hiyo sijawahi kuliangalia jiwe vile vile tena.

Iko hivi. Ndani ya akiki kuna maji kidogo sana, mengine yamekaa kwenye vitundu, mengine yameshikana na silika yenyewe. Ukilipasha jiwe polepole hayo maji yanatoka, na pale yalipokuwa silika inashikana na silika, vile vitundu vinajifunga. Jiwe zima linakuwa kama kitu kimoja. Ufa ukiingia haukutani na vizuizi, unateleza moja kwa moja mpaka upande wa pili. Na watu waligundua hii zamani sana. Kule Pinnacle Point, Afrika Kusini, kuna mawe yaliyopashwa moto makusudi kabla ya kuchongwa miaka 72,000 iliyopita, na utafiti uliotoka mwaka 2009 unasema dalili zinarudi mpaka kama miaka 164,000. Huyo mtu hakuwa na kipima joto. Alijua moto wake tu, alijua aongeze lini na aache lini, na alikuwa tayari kuzika mawe yake mazuri ardhini leo ayatumie siku nyingine.

Mara ya kwanza nilitumia jiko. Nilichukua karai kuukuu la chuma, nikajaza mchanga, nikafukia vipande saba na kuweka juu ya makaa. Sikuwa nimevikausha. Sikuwa na cha kupimia. Baada ya saa moja hivi nikasikia tok, ndani ya mchanga, sauti ndogo kama mtu anabonyeza kalamu. Halafu tok tena. Nikaogopa, nikatoa karai kwa moto, nikaliweka kwa saruji, na juu nilikuwa na hamu ya kuona nikachomoa kipande kimoja na koleo. Ilikuwa Julai, mnajua baridi ya Nairobi ya Julai. Kile kipande kilitoa mlio mwembamba, tiiing, nikiwa nimekishika, na nikaona nyufa zikitembea juu yake kama utando wa buibui unachorwa mbele yangu. Vingine vilikuwa vimerusha vifuniko vya duara, kama vifuniko vya vyungu vidogo, kila kimoja kimeacha shimo la kina cha punje ya hindi. Hiyo ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, yanajipasulia njia.

Kati ya saba sikupata hata kimoja. Na kimoja kilikuwa na mstari wa waridi ambao sijaupata tena mpaka leo.

Kwa hivyo saa hii nafanya hivi, na nimefanya mara tano sasa, naamini njia hii.

Kwanza sipiki jiwe zima. Nalipasua na kulipunguza mpaka libaki bapa la unene wa kidole, sentimita moja na nusu, mbili ikizidi. Jiwe nene nje linapata joto na ndani bado baridi, na hiyo tofauti ndiyo inalipasua. Kila bapa naligonga na ukucha nikiwa nimelishika kwa ncha za vidole, lenye mlio safi linaingia, lenye mlio wa kufa lina ufa ndani, hilo naliacha.

Halafu kukausha, na hapa nyanya ndiye amenisaidia bila kujua alikuwa anafanya sayansi. Yeye huchemsha maharagwe kwa jiko la makaa karibu kila siku, na nikamuomba niwe naweka karai langu la mchanga pembeni mwa moto, si juu. Siku tatu, nne. Mchanga unafika kama digrii 100, unakaa hapo muda mrefu, na maji mengi yanatoka polepole. Akaniuliza, mwanangu, hivi unapika nini ambacho hakiivi siku nne? Nikamwambia ni mawe ya pete, nyanya. Akanyamaza, hakuuliza tena.

Shimo lenyewe lina kina cha kama dhiraa moja. Chini mchanga mkavu uliochekechwa, sentimita tano, mapande yanalala juu yake na hayagusani, halafu mchanga tena sentimita tano, halafu ndio makaa. Pembeni ya mapande naingiza waya ya themokapo, kile kipima joto cha waya, niliinunua barabara ya Luthuli kwa bei ya nyama kilo mbili hivi, na sijui niliishije bila hiyo. Moto unaanza kidogo sana. Nataka joto lipande digrii 25 ama 30 kwa saa, si zaidi, kwa hivyo ni kazi ya kuketi, unaongeza makaa matatu, unangoja, unaangalia namba, unaongeza mawili. Kutoka asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni ndio nafika 300. Pale nalishikilia kama saa nne. Kila akiki ina tabia yake, nyingine inatosheka na 260, hii ya Lodwar inataka 300, nimejua kwa kuharibu. Na hakuna sababu ya kwenda juu sana, ukikaribia digrii 573 kwatsi inabadilisha umbo lake la ndani ghafla na jiwe linavurugika. Mbali kabla ya hapo akiki yako imeshachoka.

Halafu majivu juu, bati juu, na unaondoka. Hapo ndio kazi ngumu iko. Kufikia asubuhi namba inasoma 140, mchana 90, na akili inakwambia si 90 ni kama chai tu. Hapana. Upepo mmoja tu wa baridi unatosha. Nafungua mchanga ukiwa unashikika na mkono mtupu kama mkate uliopoa kabisa.

Rangi nayo inabadilika. Ile ya asali ina madini ya chuma yenye maji ndani yake, joto likiyafukuza hayo maji chuma kinageuka kuwa chekundu, ni ile ile kutu kwa lugha nyingine. Mafundi wa Khambhat wamekuwa wakifanya hivyo na shanga zao karne nyingi, wanayaanika mawe juani, wanayapika kwenye vyungu ndani ya jivu na moto wa kinyesi cha ng'ombe, wanayatoa mekundu. Na uchongaji wao ni wa ajabu, hawagongi jiwe kwa nyundo vile sisi tunafanya. Wana msumari mkubwa wa chuma umesimamishwa ardhini, wanaegemeza ukingo wa jiwe kwenye ile ncha, halafu wanagonga upande wa pili kwa nyundo ya pembe ya nyati-maji. Kibanzi kinatokea upande wa msumari. Nimejaribu na nondo na ncha ya pembe ya ng'ombe, niliipata kwa mafundi wa Kibera wanaotengeneza bangili za pembe na mifupa, na inafanya kazi vizuri sana kwa vipande vidogo.

Wazungu wengi hutumia pembe za kulungu. Hapa kwetu usiguse pembe ya mnyama wa porini, hata umeiokota imekauka, sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo na hilo na mimi nakubaliana nayo kabisa. Kwa kubanduia vibanzi mimi hutumia shaba, waya nene ya umeme, ile ya ardhi, nimeichomeka kwenye mpini wa mwarubaini na ncha nimeinoa kwa sakafu.

Sasa nikueleze tofauti yenyewe, juu hii ndiyo sababu ya hii posti yote.

Unaweka kipande cha raba ya tyubu kwa kiganja, jiwe juu yake, vidole vinalifunga. Kwanza unasugua ukingo na jiwe la kunolea mpaka upoteze ukali, hii wengi wanairuka, wanadhani ukingo mkali ndio mzuri, lakini ukingo mwembamba unapondeka chini ya shaba na nguvu yako inaishia hapo. Ukingo ukishakuwa na nguvu unaweka ncha ya shaba, unasukuma kwenda ndani ya jiwe kwanza, ndani, ndani, na bega lako lote, viwiko vimebana mapaja, na jiwe limejaa nguvu yako na bado halijafanya kitu. Halafu unateremsha mkono kidogo tu kwenda chini. Akiki mbichi hapo inakataa, ama inakupa punje. Akiki iliyopikwa inaachia. Unasikia kick ndogo, unaisikia zaidi kwa kiganja kuliko kwa sikio, na ukifungua mkono kuna kibanzi kimelala kwenye raba, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, chembamba mpaka ukikiweka juu ya kidole unaona mistari ya ngozi yako kupitia kwake. Na pale kilipotoka jiwe linang'aa. Uso wa zamani ni mkavu, kama chaki, na huu mpya una mng'ao wa mafuta, umekaa kama umepakwa samli. Hiyo tofauti ya uso mkavu na uso wa mafuta kwenye jiwe moja ndiyo wachimbuaji wanaitafuta wakitaka kujua kama jiwe lilipikwa kabla ya kuchongwa.

Moto pia unachukua. Jiwe lililopikwa ni jepesi kuvunjika, chembe changu cha tatu kilikatika ncha kwa kuanguka kutoka kitandani tu. Kwa kisu cha kukwaruza ngozi ama mti ningebaki na jiwe bichi, tena bila kufikiria. Kwa chembe cha mshale ambacho kazi yake ni kuingia mara moja, pika. Nadhani hata wale wa zamani walichagua hivyo, jiwe kwa kazi yake.

Jambo la afya, na hapa naomba mnisikie. Vumbi la hii kazi ni silika, likiingia kwa mapafu halitoki, linaacha makovu na makovu hayaponi. Fanya kazi nje, upepo ukitoka nyuma yako, vaa maski ya maana na si kitambaa, miwani kila wakati hata kwa kibanzi kimoja. Usifagie kavu, mwagia maji kwanza. Mimi natandika turubai na kila kibanzi kinakwenda kwa gunia, kuna watoto kwenye hii ploti wanaocheza bila viatu. Na gunia likijaa nalizika na ndani naweka sarafu ya shilingi 10 ya miaka hii, ndio mtu akija kuchimba siku moja asidanganyike kwamba Pangani kulikuwa na kambi ya zama za mawe. Kwa sababu hiyo hiyo usichonge kwenye maeneo ya kale na usiokote kitu huko. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inavilinda, na kifaa kikishatolewa pale kilipolala kimepoteza nusu ya habari zake.

Mwezi uliopita nilimaliza chembe cha kwanza ambacho sioni haya kukionyesha. Urefu sentimita nne na nusu, mstari mmoja mweupe umepita katikati kwa mshazari, mengine yote mekundu. Nikampelekea nyanya jikoni. Hakusema kitu, alifuta mikono, akaenda kwa kibweta akarudi na ile pete ya babu, akaviweka viwili kwenye kiganja chake na kusogea dirishani. Akavigeuza geuza kwenye mwanga muda mrefu. Akasema, hii ya babu yako nayo ilipikwa.

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Miaka yote hiyo nimeiona kwenye kidole chake.

Themokapo inasoma 61. Hivi 11 vilivyo shimoni, vinne ni vya ile rangi ya asali na kimoja kina tundu la chumvi katikati, hicho nina wasiwasi nacho, sijui kama nilipaswa kukiweka. Kesho nikitoka kazini nitafungua. Nyanya ameshaniambia nisimuache nje, anataka awepo.